Esteri Niyomwungere, Mtunza Majembe ya Wapita Mto

Wasifu huu unasomwa kwa niaba ya familia, nyumbani kwa marehemu, kitongoji cha Kumugongo, upande wa Heru Juu, wilaya ya Kasulu, leo Jumatatu tarehe 16 Agosti 1999.

Wengi waliofika hapa wamepita chini ya upenu wa nyumba hii na kuviona vile vigingi vya mninga vilivyopigwa ukutani kwa mstari mmoja. Hadi miaka miwili iliyopita kila kigingi kilikuwa na jembe. Leo vyote viko wazi. Maisha ya Mama Esteri hayasimuliki bila vigingi hivyo. Naye mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, aliagiza mbele ya wanawe na katekista kwamba siku ya kuzikwa kwake mtu asimsifu kwa ukarimu kama habari ya Reverien haitatajwa. Agizo la marehemu halipunguzwi, basi itatajwa.

Marehemu alizaliwa Murungu, wilaya ya Kibondo, mwanzoni mwa mwaka 1937. Siku yenyewe haikuwekwa popote, ila alibatizwa Jumapili tarehe 11 Aprili mwaka huo. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Ildefonsi, aliyekuwa miongoni mwa wanaume wengi wa Buha waliokwenda kukata mkonge huko Tanga enzi za manamba. Mwaka 1945, Mzee Ildefonsi akiwa njiani kurudi nyumbani, ndui ilikuwa imeenea, na watu waliotoka mikongeni walikuwa wakifukuzwa kila kijiji kama kunguru kwenye mtama. Alishikwa na homa akiwa bado mbali na kwao. Mwanamke asiyemjua, wa kabila ambalo hakulitambua kwa lugha yake, alimwonyesha kibanda cha nje ya uzio, akawa anamwekea chakula juu ya jiwe na kurudi nyuma hatua kadhaa mpaka alipopona. Esteri alikuwa na umri wa miaka minane baba yake alipotokea uwanjani, uso umejaa makovu. Tangu siku hiyo mama yake alizoea kumwambia, "Baba yako amerudi kwa mkono wa mtu tusiyemjua. Deni la namna hiyo hulipwa kwa mtu mwingine usiyemjua." Msemo huo ulikaa kifuani mwa Esteri maisha yake yote, ulimjenga, na mwishoni ukamhukumu.

Alisoma katika shule ya katekista pale Murungu, akafika darasa la nne mwaka 1951. Hakuendelea, kwa kuwa wadogo zake walihitaji mlezi. Hata hivyo kusoma kwake hakukupotea. Wanawake ambao waume zao walikuwa mikongeni walimletea barua awasomee, naye alipoona mume amesahau kumsalimia mama mkwe, aliichomeka salamu hiyo mwenyewe kwa sauti ile ile, bila kupepesa jicho. Mume mmoja aliporudi alishangaa kupokewa na mkwewe kwa kuku mzima. "Nilifanya nini?" aliuliza. "Ulinisalimu vizuri," mkwewe akajibu. Esteri, aliyekuwa amesimama karibu, alikumbuka ghafla kwamba ameacha maji jikoni.

Tharsisi Mpawenimana alizaliwa ng'ambo ya mto Malagarasi, upande wa Burundi. Alivuka mwaka 1952 kutafuta kibarua, akalima kwa Mzee Ildefonsi. Msimu ulipokwisha alifanya kama wapita mto wote walivyofanya: aliacha jembe lake kwa mwenyeji wake akaenda kwao mikono mitupu. Jembe lililoachwa hivyo halikukopeshwa wala kulimiwa na mtu mwingine. Lilikuwa ahadi ya pande mbili, kwamba mwenye jembe atarudi, na kwamba akirudi ataukuta mlango wazi. Na kama mwenyeji hakumtaka tena, hakuwa na haja ya maneno makali. Alimrudishia jembe lake, na mtu mzima akaelewa. Tharsisi alirudi, akaondoka, akarudi tena, na kila aliporudi alilikuta jembe linang'aa. Mwishowe Mzee Ildefonsi alimwita.

"Kijana, jembe lako limekaa kwangu misimu miwili. Ama ulichukue, ama umchukue na anayelifuta vumbi."

"Baba, nikimchukua anayelifuta, jembe nitaliacha kwa nani?"

"Basi umeshajibu," mzee akasema.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Julai 1954. Mwaka 1956 walihamia hapa Kumugongo, na kigingi cha kwanza kwenye upenu huu kilipigwa kwa ajili ya jembe la Tharsisi mwenyewe. Alisema hakutaka kusahau alikotoka. Mungu aliwajalia watoto watano, ambao wote wamo katika mazishi haya.

Kazi ya marehemu ilikuwa kilimo cha maharage, mahindi na mihogo, pamoja na kupika rubisi, pombe ya ndizi iliyojulikana hadi Kasulu mjini. Lakini kazi iliyompa jina ilikuwa kuwapokea wapita mto. Kila Septemba, udongo ukingoja mvua, waliingia uwanjani kwake wakipiga makofi taratibu kwa salamu ya heshima, "Mwakeye, mama," naye aliwapa maji, kisha rubisi, kisha akawaelekeza shamba lipi linahitaji mikono na mwenyeji gani ni mkali wa chakula. Kila Juni walimwachia majembe. Aliyapaka mawese yasishike kutu, kila moja kwenye kigingi chake. Bi Mwajabu, muuza majembe na vitenge wa Kasulu mjini ambaye alikuwa shoga yake wa miaka mingi, hakuacha kumtania.

"Esteri, paa lako litaanguka kwa uzito wa chuma. Tutakufukua chini ya majembe ya Warundi."

"Na wewe utakuwa wa kwanza kufika," Esteri akamjibu, "uyaokote ukauze upya."

Miongoni mwa wapita mto hao, aliyekaa moyoni mwake kuliko wote alikuwa Reverien. Alifika mara ya kwanza mwaka 1986, mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye mzaha hata kwa jembe lake. Kila Septemba alilishusha kigingini, akalipima mkononi na kulalamika, "Mama, jembe limenenepa kuliko mimi. Unalilisha nini?" Tharsisi alipofariki tarehe 3 Machi 1989, Reverien alikuja baada ya matanga. Hakusema pole nyingi. Alilima shamba lote la mjane, mstari kwa mstari, kabla hajakanyaga uwanja wa mtu mwingine. Hata vita ilipoanza kwao mwaka 1993 aliendelea kuja na kurudi, kwa kuwa mihogo yake ilikuwa kule na jembe lake lilikuwa huku. Reverien hakuwa mkimbizi. Alikuwa mkulima mwenye nyumba mbili, moja ya kulala na moja ya kufanyia kazi. Juni 1997 alipotundika jembe lake alimwambia Esteri, "Msimu ujao sitakuja peke yangu. Nitakuletea Nadine na watoto uwaone, usije ukasema nilikudanganya kwamba nimeoa."

Mwaka ule mvua zilikuja kwa hasira. Chemchemi ya kitongoji ilifunikwa na maji ya matope, na mwanzoni mwa Novemba kipindupindu kikaingia. Kilikuwa kimeshapita nchi nyingi kabla ya kutufikia, na kila kilikopita kiliwatangulia watu wenye mizigo kichwani au kikawafuata. Hivyo ikawa rahisi kusema kwamba wao ndio waliokibeba. Mtoto wa jirani alikufa kati ya adhuhuri na magharibi. Hakuna mpita mto hata mmoja aliyekuwa Kumugongo wiki ile, kwa kuwa njia mbovu zilikuwa zimewachelewesha. Hata hivyo, kabla chemchemi haijatiwa dawa, maneno yalikuwa yamekwisha kuwaangukia. Wakati huo huo agizo kutoka juu lilikuwa linatekelezwa katika wilaya zetu, kwamba raia wa ng'ambo wasiishi tena vijijini bali wapelekwe kambini. Hofu ya ugonjwa na hofu ya wageni zilipokutana, mtu hakuweza tena kujua ipi imeanza wapi.

Kamati ya kitongoji ilikaa. Watu wake walikuwa wenyeji wa hapa hapa, na walijua kwamba tangazo ubaoni lisingemzuia mpita mto, bali jembe lake likirudishwa angezuilika. Wakaamua kila nyumba irudishe majembe. Nestori, mtoto wa kwanza wa marehemu, ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi. Ameridhia maneno yake yasemwe leo kama yalivyokuwa.

"Mama, nyumba zote tisa zimekwisha kutoa. Imebaki yetu."

"Aliyekuja kuniambia ni wewe au ni kamati?"

"Mimi ndiye balozi. Nikishindwa nyumbani kwa mama yangu, nitamwambia nani?"

"Baba yako alivuka mto huo huo, Nestori."

"Baba hakuvuka na kipindupindu. Na hawa wajukuu wako sita wanaolala humu ndani, nani atawajibia?"

Esteri alikwenda upenuni. Majembe mengine aliyatoa, yakabebwa na mgambo kwenye gunia. La Reverien alilipaka mawese kwa mara ya mwisho, akasema hilo atalipeleka mwenyewe mpakani, walikozuiwa wapita mto.

Alhamisi tarehe 27 Novemba 1997 alipanda lori la maharage hadi karibu na Muyama, akatembea sehemu iliyobaki. Kwenye njia ya mpakani palikuwa na kizuizi: kamba ya katani kati ya miti miwili, na ndoo ya maji ya dawa kila upande. Ng'ambo ya kamba walikaa watu wengi chini, wenye kukimbia vita na wenye kutafuta kibarua wakiwa mkusanyiko mmoja, kwa maana kamba haikuuliza mtu amekuja kwa sababu gani. Reverien alimwona kabla yeye hajamwona. Alisimama, akapiga makofi ya salamu.

"Mwakeye, mama. Nimechelewa, njia ilikuwa mbaya. Huyu ndiye Nadine. Na hawa ndio wale."

Nadine alipiga goti, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshika upindo wa kitenge chake.

Bwana afya wa zamu alikuwa Mansuri, kijana wa Kasulu mjini, mpwa wake Bi Mwajabu. Alimtambua mama huyo na kumwamkia kwa heshima, kisha akamweleza kwa utulivu kwamba ipo nafasi. Mtu mwenye mwenyeji wa kumdhamini angeweza kupita, mradi akae amejitenga nyumbani kwa mwenyeji huyo kwa juma moja, naye Mansuri angefika kumkagua. Wasio na mwenyeji wangepelekwa kambini jioni ile.

"Mama Esteri, nisaidie tu kwa neno moja. Huyu ni mgeni wako?"

Tangu siku hiyo marehemu alikuwa akisema kwamba aliviona vitu vyote kwa pamoja: kibanda cha nje ya uzio alichosimuliwa utotoni, chakula juu ya jiwe, wajukuu wamelala kwenye mkeka mmoja, Nestori ameinamisha kichwa mbele ya kamati. Kamba ilikuwa mbele yake, nyepesi kama uzi.

"Ni mtu wa jembe tu, mwanangu," alisema. "Jembe lake nimemletea."

Aliliweka kwenye majani, akarudi nyuma hatua kadhaa. Reverien alipita chini ya mkono wa mgambo aliyelinda kamba, akaliokota. Alilipima mkononi kama kawaida yake.

"Umelipaka mafuta, mama?"

"Nimelipaka mawese."

"Basi litafika mbali," Reverien alisema. Hakuwa na kinyongo usoni, na hilo ndilo lililomkosesha Esteri usingizi kuliko tusi lolote. Alipomgeukia mkewe alisema kwa sauti ya kawaida, "Beba mtoto, tunaendelea."

Kipindupindu hakikuingia nyumba ya Esteri. Kiliingia kambini baada ya Krismasi, na tarehe 9 Februari 1998 kikamchukua Reverien. Habari ilifika Kumugongo siku ya Pasaka, kwa kinywa cha mtu aliyedhani analeta habari ya kawaida. Marehemu alikuwa amevaa tayari kwenda kanisani. Alivua viatu, akakaa chini ya kile kigingi hadi misa ilipokwisha.

Kufikia katikati ya mwaka ugonjwa ulikuwa umepungua, chemchemi imejengewa, watu wameanza tena kushikana mikono. Mashamba yalikuwa yanaomba vibarua, na baadhi ya wale wale waliokaa katika kamati walimjia Esteri awaite wapita mto. Haikuwezekana. Sheria mpya ya mwaka ule iliwafunga katika eneo la kambi, na aliyekamatwa nje bila kibali aliadhibiwa. Kilichoanza kama tahadhari ya mvua moja kilikuwa kimegeuka kuwa utaratibu wa nchi. Esteri aliwajibu kwa maneno yanayokumbukwa na wengi: "Ugonjwa umeondoka, kamba imebaki. Na kamba hiyo nilishika ncha yake mimi, mkaniona."

Kuanzia hapo alikuwa na jambo moja tu alilolitafuta: jembe la Reverien lirudi kwenye kigingi chake kabla yeye hajafa. Kwa mila alizozijua, mjane akikubali kulirudisha, mlango ungekuwa umefunguliwa tena pande zote mbili. Alikwenda kambini mara mbili akazuiwa getini, kwa kuwa na wenyeji nao walihitaji kibali cha kuingia. Mara ya tatu, Januari 1999, Bi Mwajabu alimbana mpwa wake Mansuri mpaka kibali kikapatikana. "Nilimwambia," Bi Mwajabu husimulia, "kama unajua kufunga kamba, jifunze na kufungua."

Alimkuta Nadine nje ya kibanda cha turubai, akikoroga uji. Nadine alimtambua mara moja.

"Mama wa jembe," alisema.

"Ndiye mimi. Nimekuja kukuomba unirudishie. Nilitundike mahali pake."

Nadine aliendelea kukoroga. "Halipo, mama. Walitaka kumfunga kwenye nailoni na kumzika vile vile, maana ndivyo walivyozikwa wote wa ugonjwa ule. Nikasema hapana, kwanza avae shuka. Shuka sikuwa nayo. Nilikuwa na jembe. Jembe zuri, lilikuwa linang'aa, aliyelichukua hakubisha."

Esteri alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Alisema, "Mwanangu, nisamehe."

"Kunywa uji kwanza," Nadine alimwambia. "Umetembea."

Aliunywa. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia kabla ya neno lingine lolote kusemwa. Aliporudi nyumbani na kuulizwa habari za huko, alijibu, "Alinipa uji. Neno hakunipa, na sikustahili kuliharakisha." Nestori alipotaka kukitumia kile kigingi kutundikia taa, mama yake alimwambia kwa upole, "Hicho kina mtu."

Mwezi wa Mei mwaka huu marehemu alipatwa na kiharusi akiwa shambani. Alilazwa hospitalini kwa majuma matatu, akarudi nyumbani akiwa amepooza upande wa kuume. Mabinti zake, Aline na Niyonsaba, walimuuguza kwa zamu, na Bi Mwajabu alikuja kila Ijumaa baada ya swala kumpasha habari za mjini na kumtania kwamba sasa hawezi kumkimbia. Ulimi ulikuwa mzito, lakini alichotaka kusema alikisema. Alifariki Jumamosi tarehe 14 Agosti 1999, alfajiri, kitanda chake kikiwa kimesogezwa dirishani upande wa upenu, kama alivyoomba.

Marehemu ameacha watoto watano: Nestori, Aline, Niyonsaba, Ildefonsi aliyepewa jina la babu yake, na Zena, aliyepewa jina la mama yake Bi Mwajabu kwa heshima ya urafiki wao. Ameacha wajukuu kumi na wanne na kitukuu mmoja. Ameacha pia Nadine, mjane wa Reverien, na watoto wake wawili. Marehemu aliagiza watajwe katika orodha hii, si pamoja na majirani wala wageni waalikwa.

Nadine na wanawe wamo uwanjani leo. Kibali chao kinakwisha saa kumi jioni, na barua yake inasema wawe wamefika getini kabla ya saa hiyo. Kwa sababu hiyo maziko yamepangwa saa nne asubuhi badala ya alasiri kama ilivyo desturi yetu, na familia inawaomba radhi waliolazimika kusafiri usiku.

Limebaki agizo moja. Watoto wa marehemu watakapokuwa wameweka udongo kaburini, jembe hilo la kufukia watamkabidhi Nadine, awe wa kufuata kuweka udongo kama mtu wa nyumba hii, kama atapenda. Mama Esteri alisisitiza kwamba aombwe mara moja tu, na akikataa, mtu yeyote asimtazame.

Bwana aliyempokea baba yake kwa mkono wa mgeni ampokee naye, na ampumzishe kwa amani.